Meno ya Meru: Historia ya Elimu Isiyofika Bombani

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, kijana mwerevu aliyekulia katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Meru. Alisoma kuliko wenzake na aliandika kwa ufasaha. Lakini siku ya kuwasilisha kazi yake mbele ya jopo alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, na kila alipolazimika kutabasamu aliinua mkono akaziba mdomo. Mjumbe mmoja wa jopo aliandika katika fomu ya tathmini kwamba mtahiniwa hajiamini. Mimi nilijua kuwa tatizo halikuwa hilo. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka na vishimo, na tangu aondoke kwao alikuwa amechoka kuulizwa kama anavuta sigara au kama hapigi mswaki.

Msomaji wa Arusha hahitaji maelezo zaidi. Msomaji wa mikoa mingine pengine amewahi kuwatania watu wa kaskazini kwa sababu ya meno yao bila kujua anachokitania. Makala haya ni historia fupi ya meno hayo, na kwa hiyo ni historia ya maji, na ya utafiti wa kikemia uliofanywa kuhusu maji hayo. Hoja yangu ni moja. Kwa zaidi ya nusu karne, tatizo la floraidi katika maji ya Mlima Meru limekuwa likijulikana vizuri. Tulichokikosa ni mkono wa kuitoa elimu hiyo maabara na kuifikisha bombani, kisha ukabaki pale pale kuilinda.

Tuanze na mlima wenyewe. Meru ni volkano yenye kimo cha mita 4,566, na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Miamba na majivu yake ni ya aina inayopatikana katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, yenye sodiamu nyingi na floraidi nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Uhaba huo wa kalsiamu una maana kubwa. Mahali penye kalsiamu ya kutosha, floraidi hushikamana nayo na kutuama kama madini magumu, maji yakabaki salama. Katika miteremko ya Meru mvua hupenya majivu, huyeyusha floraidi, na haikuti cha kuishika njiani. Hutoka nayo kwenye chemchemi, kwenye mito, na hatimaye kwenye maziwa ya magadi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1984 walipima maji ya kaskazini mwa Tanzania wakakuta mito yenye floraidi ya kuanzia miligramu 12 kwa lita, na mabwawa na maziwa ya magadi yaliyofika hadi miligramu 690 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Wenyeji waliyaona maji haya na kuyapa majina kabla ya mkemia yeyote. Mashariki mwa Arusha, kando ya barabara ya kwenda Moshi, kuna mahali paitwapo Maji ya Chai. Kaskazini mashariki mwa mlima kuna Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Majina hayo yanaeleza rangi. Kwa bahati mbaya floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyodhuru meno haina ladha ya kumshtua mnywaji. Maji meupe pe yanaweza kuwa nayo tele. Ukiyachemsha haiondoki, bali maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Ukitia dawa ya klorini unaua vimelea, lakini floraidi huigusi. Ndiyo maana mama mwangalifu kuliko wote kijijini, anayechemsha na kuchuja kila tone, anaweza kulea watoto wenye meno ya kahawia sawa na jirani yake asiyejali.

Engare Nanyuki inajulikana na wanafunzi wa historia kwa sababu nyingine. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 kutoka huko ili kuwapa walowezi ardhi yao, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kudai haki ya watu wake. Kila mwaka nafundisha kesi hiyo kama mlango mmojawapo wa harakati za uhuru. Ila sikumbuki hata mara moja kuona katika kitabu cha kiada sentensi inayosema kuwa ardhi ile iliyopiganiwa ilikuwa na maji yanayoharibu mifupa na meno. Historia yetu ya siasa na historia yetu ya sayansi zimeandikwa kama za nchi mbili tofauti.

Sasa tutoke kidogo Arusha, maana fumbo la meno ya kahawia lilifumbuliwa kwenye mlima mwingine. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima ya Rocky huko Marekani. Akakuta watoto waliozaliwa pale wana meno ya kahawia, na waliohamia wakiwa wakubwa hawana. Alitumia miaka 30 kutafuta sababu, akishuku maji, bila kipimo cha kuthibitisha. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA, alipopima maji ya mji mmoja wa machimbo na kukuta floraidi. Kisha ikagundulika kwamba floraidi hiyo hiyo ikiwa kidogo huyalinda meno yasitoboke, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuiongeza kwenye maji yake. Kwa hiyo tangu mwaka 1931 dunia ilijua chanzo cha meno ya kahawia. Wenzetu waliokuwa na floraidi pungufu waliitia. Sisi tuliokuwa nayo kupita kiasi tuliendelea kunywa.

Elimu hiyo haikuchelewa sana kufika kwetu. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha utafiti kuhusu ugonjwa wa floraidi katika Kanda ya Kaskazini ya Tanganyika, na tafiti nyingine zikafuata muongo ule ule. Michael Latham hakuwa mgeni aliyepita tu. Alizaliwa Kilosa, akatumikia idara ya afya ya nchi hii, na baadaye akawa profesa wa lishe katika Chuo Kikuu cha Cornell. Tafiti hizo zilizungumzia meno, na zilizungumzia mifupa pia, kwa sababu anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kukakamaa mgongo na viungo, na mtoto huweza kupinda miguu. Hilo halijawa jambo la kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu kusini magharibi mwa Wilaya ya Hai, jirani kabisa na Meru, uliripoti watoto wenye mifupa iliyopinda kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya uhuru serikali ilikuwa na ndoto kubwa. Mwaka 1971 ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye shabaha ya kumfikishia kila mwananchi maji ya bomba umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Ndoto hiyo ilipokutana na kemia ya Bonde la Ufa, jambo moja lilipaswa kulegea. Mwaka 1974 vikatolewa viwango vya muda vya maji ya vijijini, na kwa floraidi kikomo kikawa miligramu 8 kwa lita, zaidi ya mara tano ya mwongozo wa 1.5 uliotajwa juu. Siwalaumu kirahisi waliokiandika kiwango hicho. Walijua kwamba wakishika kikomo kikali wangefunga vyanzo vingi, na mwanamke ambaye chanzo chake kimefungwa haachi kuchota maji. Huenda kuchota machafu zaidi na mbali zaidi. Kati ya kipindupindu cha leo na mifupa ya kesho walichagua kuzuia kipindupindu.

Lakini tuangalie nini hutokea kwa kitu kinachoitwa cha muda. Kiwango kile kiliishi miongo. Maji yenye miligramu 7 yakawa halali kwenye karatasi, na mtaalamu wa maji wa wilaya aliweza kuandika kwa dhamiri safi kwamba chanzo kimekidhi viwango. Baadaye kikomo cha taifa kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5 kama ilivyo kwingineko. Ni hatua njema, ila kushusha namba kwenye waraka hakushushi floraidi kwenye ndoo. Tofauti iliyopo ni kwamba zamani maji mabaya yalikuwa halali, na leo ni maji yale yale yakiwa kinyume cha sheria.

Haki inataka tuseme pia kwamba serikali haikukaa bure. Pale Ngurdoto, ndani ya eneo lenyewe lililoathirika, Wizara ya Maji iliendesha kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na wanasayansi wa Kitanzania wakashirikiana na wenzao wa Denmark. Mwezi Oktoba 1995 Ngurdoto ilikuwa mwenyeji wa warsha ya kwanza ya kimataifa kuhusu kuzuia ugonjwa wa floraidi na kuondoa floraidi katika maji. Narudia: ya kwanza, na ilifanyika Arumeru. Kwa siku chache, elimu bora ya dunia juu ya jambo hili ilikuwa kilomita chache kutoka Maji ya Chai.

Njia kuu mbili zilijaribiwa. Ya kwanza, iliyotoka India na kuitwa kwa jina la mji wa Nalgonda, ilikuwa kutia shabu na chokaa kwenye ndoo ya maji, kukoroga, na kuacha mashapo yatuame yakiwa yamebeba sehemu ya floraidi. Ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la takriban nyuzi 500, kisha husagwa na kupangwa ndani ya ndoo au pipa, na maji hupitishwa humo. Ufundi upo kwenye moto: ukipungua, maji hunuka, ukizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kunasa. Kinachonivutia ni kemia yake. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja ya kalsiamu na fosfeti, na floraidi huyapenda madini hayo. Kwa hiyo chujio hufanya kazi kwa kuipa floraidi mfupa wa ng'ombe iung'ang'anie, isije ikaufuata wa mtoto.

Kwa nini basi kila nyumba ya Meru haina ndoo ya mkaa wa mifupa? Hapa naomba wanafunzi wa sayansi na watumishi wa umma wasome kwa makini, kwani hapa ndipo historia inapokwama. Chujio la namna hii ni kama betri. Likiwa jipya lina nguvu, na kila lita inayopita hupunguza nguvu hiyo hadi inakwisha. Ila betri ya tochi ikiisha, taa hufifia na mwenye tochi hujua. Chujio la floraidi likijaa halitoi dalili yoyote. Maji hutoka meupe, matamu, yenye floraidi yote, na familia huendelea kuyanywa kwa imani. Kwa hiyo ndoo si suluhisho kamili. Suluhisho ni ndoo, pamoja na mtu mwenye kipimo anayefika kila baada ya muda, pamoja na mahali pa kubadilishia mkaa uliojaa, pamoja na bajeti ya mtu huyo mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi. Wafadhili hupenda kununua ndoo. Mshahara wa mpimaji hauna sherehe ya kuzinduliwa.

Majirani zetu waliliona hili. Nakuru, nchini Kenya, Jimbo Katoliki lilijenga kazi yake ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa likiwa na matanuri, maabara ya kupimia na utaratibu wa kubadilisha mkaa, na baadaye kazi hiyo ikaundiwa kampuni yake. Haikumaliza tatizo la Bonde la Ufa, lakini ilitambua kwamba maji salama ni huduma ya kila siku.

Liko pia jambo la jikoni lililofunuliwa na madaktari wa meno wa Tanzania. Walikuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika vijiji vya kaskazini ambavyo maji yake hayana floraidi nyingi. Sababu mojawapo ni magadi. Tunayatia kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi na kuni zisiishe, na mengi ya magadi hayo yana floraidi. Utafiti wa aina hii hauhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji mtafiti anayeingia jikoni na kuuliza mnapika nini, na mnakitia nini.

Arusha haikuwa ngeni kwa sayansi. Taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya ukanda wa tropiki, TPRI, ilikuwa hapa na kutumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali hadi ilipovunjika mwaka 1977. Kituo cha zana na teknolojia za vijijini, CAMARTEC, kilianzishwa mwaka 1981. Tarehe 2 Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua rasmi Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru, chuo cha shahada za uzamili na uzamivu kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka mmoja kabla. Chuo kizima cha sayansi kilisimama mguuni pa Mlima Meru, na floraidi ilikuwa jirani yake wa kwanza.

Matunda yalionekana. Mwaka 2015 mhadhiri wake, Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali wilayani Karatu aliyepata uzamivu wake Korea Kusini, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga wa kawaida na chembe za nano zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali husika, iwe vimelea, metali au floraidi. Aliunda kampuni na kuweka vituo vya kuuzia maji yaliyochujwa, na hapo naona busara kubwa kuliko hata ile ya nano: kituo kina mwendeshaji, na mwendeshaji ana sababu ya kulitunza chujio lake. Kuanzia mwaka 2016 chuo hicho kilishiriki pia katika mradi wa FLOWERED uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ukiunganisha watafiti wa Tanzania, Kenya, Ethiopia na Ulaya, na miteremko ya Meru ikiwa moja ya maeneo yake.

Upande wa jiji, mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa takriban shilingi bilioni 520, uliokopewa fedha kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, umechimba visima virefu katika maeneo yenye floraidi pungufu, kama ukanda wa Valeska, na kuyaleta maji hayo mjini. Ni njia ya kongwe kuliko zote: maji yakikushinda, tafuta mengine. Ila bomba la jiji lina mwisho. Vijiji vilivyo juu ya mlima na nyuma yake, ambako ndiko floraidi inakoanzia, haviwezi vyote kungojea mkopo wa ukubwa huo.

Sasa tufanye hesabu, si ya fedha. Meno ya kudumu ya mbele hujengwa ndani ya ufizi kuanzia utotoni hadi takriban umri wa miaka 8. Floraidi ikiingia wakati huo, baka hubaki maisha yote. Mtoto aliyezaliwa Maji ya Chai mwezi ule wa Oktoba 1995, wataalamu wa dunia wakiwa Ngurdoto, alitimiza miaka 8 mwaka 2003, na mlango ukafungwa. Tuzo ya Hilonga ilipotolewa alikuwa na umri wa chuo kikuu. Kizazi kizima kilipita kati ya warsha na tuzo. Sisi wasomi hupima maendeleo ya utafiti kwa machapisho. Mzazi wa Meru ana haki ya kuyapima kwa watoto.

Nazungumza pia dhidi ya tabaka langu. Mfumo wetu wa kupandisha vyeo hulipa uvumbuzi mpya. Mhadhiri akigundua kinyonyaji kipya cha floraidi, cha maganda ya hiki au udongo wa kile, anapata makala, na makala humpatia cheo. Akizunguka vijijini kuhakikisha kwamba machujio 200 yaliyofungwa mwaka juzi bado yanafanya kazi, anapata vumbi. Matokeo yake tuna maktaba iliyojaa vinyonyaji vilivyofaulu maabara, na vichache mno ambavyo mtu anaweza kutuambia vilikuwaje mwezi wa 14 baada ya kufungwa.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko uvumbuzi. Mtumishi wa umma wa RUWASA au wa halmashauri: bandika kwenye kila kituo cha maji namba ya floraidi na tarehe ilipopimwa, kwa Kiswahili, kama duka linavyobandika bei. Jumuiya ya watumia maji ikiiona namba itajua la kudai. Mwanaharakati: dai fungu la upimaji na ubadilishaji wa mkaa liwe ndani ya bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza, na ulikatae chujio lisilo na fungu hilo. Mwanafunzi wa kemia: mada ya tasnifu yako inaweza kuwa kifaa cha bei ndogo kinachomwonesha mama, kwa kubadilika rangi, kwamba chujio limejaa. Na sisi wahadhiri tukubali kwamba ripoti ya ufuatiliaji wa miaka mitano ni utafiti, tuipe alama zake. Wakati tukisubiri yote hayo, mama anayelea mtoto mchanga aambiwe kliniki kwamba maji safi zaidi ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa, apewe kwanza mtoto aliye chini ya miaka 8, na magadi yapunguzwe kwenye chungu chake. Chanjo tumeweza kuzieleza kliniki. Na hili tutaliweza.

Yule mwanafunzi wangu alihitimu. Leo ni mwalimu wa sekondari, na ameniambia kwamba somo lake la kwanza kila mwaka, kwa kidato kipya, huwa juu ya meno yake mwenyewe: huandika ubaoni namba 1.5, na pembeni yake namba 8, kisha huwauliza wanafunzi nani aliziandika na kwa nini zinatofautiana. Anasema sasa hazibi mdomo darasani.